Je, chuma kilichomo katika nyota kinaweza kutuambia umri wake?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, Tanga. Nimekuwa nikifundisha kwamba nyota kongwe zina chuma kidogo na nyota changa zina chuma kingi, kwa sababu chuma hutengenezwa na nyota zilizotangulia. Mwanafunzi wangu mmoja ameniletea takwimu za Alpha Centauri: ina chuma kingi kuliko Jua, na bado ni kongwe kuliko Jua. Sikuwa na jibu. Je, ninachofundisha ni kosa? Kuna njia ya kujua umri wa nyota kwa kuangalia elementi zake? Na nyota kongwe zinaweza kuwa na sayari za mawe kama Dunia?"

Jibu:

Mwalimu, unachofundisha ni kweli kwa historia ya galaksi nzima, hasa siku zake za mwanzo. Tatizo linakuja pale unapokitumia kwa nyota moja moja zilizo jirani yetu leo. Mwanafunzi wako amegusa mahali penyewe ambapo wanaastronomia wamevutana kwa zaidi ya miaka 40, na anastahili pongezi mbele ya darasa. Jibu langu ni hili: kwa nyota za jirani, kiasi cha chuma kinaeleza zaidi nyota ilizaliwa wapi kuliko ilizaliwa lini. Anayetaka umri asiangalie chuma peke yake. Aangalie uwiano wa elementi moja na nyingine.

Tuanze na sehemu iliyo sahihi. Baada ya Mlipuko Mkuu, miaka bilioni 13.8 iliyopita, kulikuwa na hidrojeni kama robo tatu ya uzito wote, heliamu karibu robo, na lithiamu kidogo sana. Oksijeni haikuwepo, kaboni haikuwepo, chuma hakikuwepo. Vyote hivyo vimetoka ndani ya nyota, na hili si dhana tu. Mwaka 1952 Paul Merrill aliona teknetiamu katika mwanga wa nyota kubwa nyekundu za aina fulani. Teknetiamu ni elementi isiyo na umbo lolote lililo imara, yaani atomu zake zote huvunjika zenyewe. Hata lile linalodumu zaidi hupungua nusu kila baada ya miaka milioni chache. Nyota zile zina umri mkubwa mno kuliko huo, kwa hiyo teknetiamu ile haikurithiwa. Ilikuwa imetengenezwa humo humo, juzi juzi kwa hesabu za nyota.

Katika fani yetu ya astronomia kila elementi iliyo nzito kuliko heliamu huitwa metali, hata oksijeni, na najua wanakemia hawapendi kusikia hivyo. Metali zote za Jua zikijumlishwa ni kama asilimia 1.4 tu ya uzito wake. Ukihesabu atomu, kwa kila atomu 30,000 hivi za hidrojeni kuna atomu moja ya chuma. Tunakipenda chuma si kwa wingi wake bali kwa sababu kinaacha mamia ya mistari myembamba ya giza katika spektra ya nyota, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi, mistari iliyo rahisi kupima. Kwa mazoea hayo, "metali" na "chuma" vikawa kama kitu kimoja katika takwimu nyingi, likiwemo bila shaka jedwali alilokuletea mwanafunzi wako.

Sasa itazame nyota iitwayo HD 140283, katika kundinyota la Mizani, umbali wa miaka ya nuru 200 hivi. Haionekani kwa macho matupu, lakini darubini ndogo ya macho mawili inatosha. Chuma chake ni pungufu ya kile cha Jua kwa takriban mara 250. Umri wake uliopimwa mwaka 2013 ulitoka miaka bilioni 14.5, na kosa la bilioni 0.8 juu au chini. Magazeti yakaandika kwamba kuna nyota kongwe kuliko ulimwengu. Vipimo vya baadaye vimeushusha hadi karibu bilioni 12. Kwa nyota kama hii kanuni yako inafanya kazi vizuri kabisa: chuma kidogo mno, umri mkubwa mno. Iliumbwa wakati gesi ilikuwa bado haijachafuliwa na vizazi vingi vya nyota.

Lakini HD 140283 ni mpita njia. Mzunguko wake unatoka nje kabisa ya sahani bapa ya nyota ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, na sasa hivi unakatiza mtaani kwetu. Nyota nyingi zinazotuzunguka ni wenyeji wa sahani, na kwao mambo yanageuka.

Jaribio zuri zaidi ni mafungu ya nyota, yaani nyota zilizozaliwa pamoja kutoka wingu moja la gesi. Umri wa fungu unajulikana kwa uhakika kuliko wa nyota iliyo peke yake. Chukua Kilimia, nyota ambayo wakulima na mabaharia wa pwani wanaijua vizuri: umri wake ni miaka milioni 100 na ushei tu, na chuma chake ni karibu sawa na cha Jua. Jua lenyewe lina miaka bilioni 4.57, umri uliopimwa katika vimondo. Fungu la M67, katika kundinyota la Kaa, lina takriban bilioni 4, na chuma chake nacho ni kama cha Jua. Kati ya Kilimia na Jua kuna tofauti ya umri ya zaidi ya mara 30, lakini chuma hakijasogea. Kisha nenda kwenye fungu la NGC 6791, katika kundinyota la Kinubi. Lina miaka bilioni 8 hivi, karibu mara mbili ya umri wa Jua, na chuma chake ni zaidi ya mara mbili ya cha Jua. Kwa kanuni ya darasani, fungu hilo lingekuwa bado halijazaliwa.

Kwa hiyo nyota ya mwanafunzi wako haiko peke yake. Alpha Centauri A, ile ambayo manahodha wetu waliiita Rijili Kantori, iko umbali wa miaka ya nuru 4.4. Ina chuma kama mara moja na nusu ya kile cha Jua, na makadirio mengi ya umri wake ni kati ya bilioni 5 na 6.

Wataalamu walianza kuliona jambo hili taratibu. Mwaka 1993 Bengt Edvardsson na wenzake walichapisha vipimo vya nyota 189 zinazofanana na Jua. Walitarajia mstari unaopanda kutoka nyota kongwe kwenda changa. Walipata wingu la nukta, ambamo nyota za umri mmoja zilitofautiana sana kwa chuma. Wengine walidhani nyota 189 ni chache. Mwaka 2004 kundi la Geneva na Copenhagen, likiongozwa na Birgitta Nordström, likaja na nyota zaidi ya 14,000, na wingu lilikuwa pale pale. Wastani wa chuma ulibadilika kidogo tu kwa miaka bilioni kadhaa, na mtawanyiko ulikuwa mkubwa katika kila umri.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni kwamba galaksi si sufuria iliyofungwa. Gesi mpya yenye metali chache imekuwa ikimiminika kutoka nje na kuizimua ile iliyokwisha kurutubishwa. Vifo vya nyota huongeza chuma na gesi ngeni hukipunguza, hivyo kiwango hubaki karibu pale pale kwa muda mrefu.

Sababu ya pili ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha jibu. Karibu na kitovu cha Njia Nyeupe nyota huzaliwa kwa wingi, hufa kwa wingi, na metali hurundikana haraka. Pembezoni mambo huenda polepole. Leo ukisafiri kutoka kitovuni kwenda nje, kiasi cha metali katika nyota changa hushuka kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi kwa kila miaka ya nuru 3,260. Jua liko kama miaka ya nuru 26,700 kutoka kitovuni. Ingekuwa kila nyota inabaki ilipozaliwa, tungekuwa na majirani wanaofanana. Lakini mwaka 2002 Jerry Sellwood na James Binney walionyesha kwamba mikono iliyojipinda ya galaksi inaweza kuisukuma nyota kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine, ndani au nje kwa maelfu ya miaka ya nuru, bila kuuharibu mzunguko huo kuwa wa yai. Nyota ikishahama hivyo, mwendo wake hauachi dalili kwamba ni mgeni. Kinachobaki kuitambulisha ni kemia yake.

Ni sawa na kukutana na mtu Kariakoo akizungumza kwa lafudhi ya Kipemba. Lafudhi inakuambia amekulia wapi. Haikuambii ana miaka mingapi. Nyota yenye chuma kingi na umri mkubwa iliyo jirani yetu leo yaelekea ilizaliwa ndani zaidi, ambako gesi ilikuwa imeshatajirika mapema, kisha ikahamia huku. Jua lenyewe limeshukiwa vivyo hivyo. Mwaka 1996 Roland Wielen na wenzake waliona lina metali kuzidi wastani wa majirani wa rika lake, wakapendekeza kwamba lilizaliwa karibu na kitovu kuliko lilipo sasa, kwa tofauti ya miaka ya nuru elfu kadhaa. Vipimo vipya vimeipunguza ile tofauti waliyoitumia, lakini wazo kwamba Jua lilihama kutoka ndani bado lina watetezi wengi, na mimi ni mmoja wao.

Sababu ya tatu ni ndogo, ila itawatega wanafunzi. Tunachopima ni ngozi ya nyota, si mwili wake wote. Shira, ambayo vitabu vya kigeni huiita Sirius, ina miaka kama milioni 240 na usoni ina chuma kingi kuliko Jua. Vega ni changa pia, chini ya miaka bilioni moja, na usoni ina metali kama theluthi moja tu ya zile za Jua. Haimaanishi kwamba zilizaliwa katika gesi tofauti kiasi hicho. Nyota zenye joto kali namna hiyo hazikorogeki vizuri karibu na uso: baadhi ya elementi huzama, nyingine husukumwa juu na nguvu ya mwanga. Kwa kazi ya umri na kemia chagua nyota zinazofanana na Jua, na mifano ya Shira na Vega iweke kando.

Hapo sasa ndipo penye utamu, kwa sababu elementi hazizaliwi kwa kasi moja. Magnesiamu na oksijeni hutoka hasa katika nyota nzito, zenye zaidi ya mara nane ya uzito wa Jua. Hizo huishi miaka milioni chache hadi makumi ya mamilioni, kisha hulipuka kama supanova. Chuma kingi, kwa upande mwingine, hutoka katika milipuko ya vibete vyeupe, yaani masalia ya nyota za kawaida. Kwanza nyota lazima izeeke na kufa, kisha kibete kisubiri kupokea maada au kugongana na mwenzake. Hilo huchukua mamia ya mamilioni ya miaka, wakati mwingine mabilioni.

Kutokana na hilo, nyota iliyozaliwa mapema ina magnesiamu nyingi ikilinganishwa na chuma, kwa kuwa wakati huo supanova za haraka zilikuwa zimeshafanya kazi yake na zile za polepole bado hazijafika. Katika nyota kongwe za sahani nene, yaani tabaka nene la nyota za zamani katika Njia Nyeupe, uwiano wa magnesiamu kwa chuma ni kama mara mbili ya ule wa Jua. Mwonyeshe mwanafunzi wako mfano anaoweza kuuona kwa macho yake. Jioni ya mwezi Juni, ukiwa Tanga, Rijili Kantori iko kusini na ile nyota ya rangi ya machungwa iitwayo Simaki, au Arcturus, iko juu upande wa kaskazini. Simaki iko umbali wa miaka ya nuru 37. Ina chuma karibu theluthi ya kile cha Jua, lakini uwiano wake wa magnesiamu kwa chuma umezidi ule wa Jua kwa zaidi ya mara mbili, na makadirio ya umri wake yako karibu na bilioni 7 au 8. Uwiano huo ndio unaoitambulisha kuwa ya kizazi cha zamani, kuliko uchache wa chuma chenyewe.

Kipimo cha magnesiamu na chuma kinatenga vizuri wazee wa zaidi ya bilioni 8 na waliozaliwa baadaye. Kwa vijana hakitoshi. Kwao tunatumia yitriamu, elementi inayotengenezwa polepole ndani ya nyota za uzito mdogo zinapokaribia mwisho wao, ambazo huipeperusha angani pamoja na upepo wao. Kadiri galaksi inavyozeeka, nyota za namna hiyo zinazidi kufikia mwisho wao, na yitriamu katika gesi inazidi kuongezeka ikilinganishwa na magnesiamu. Mwaka 2015 Poul Erik Nissen wa Aarhus, Denmark, alipima nyota 21 pacha wa Jua kwa kutumia kifaa cha HARPS kilichopo La Silla, Chile. Alipata jambo ambalo watu walikuwa wamelikosa kwa chuma kwa miongo mingi: mstari mwembamba, ulionyooka. Kwa kila miaka bilioni moja ya umri, uwiano wa yitriamu kwa magnesiamu hushuka kwa asilimia 9 hivi. Nyota pacha wa Jua ukiipimia elementi hizo mbili kwa uangalifu unaweza kukisia umri wake ukakosea kwa chini ya miaka bilioni moja. Mara ya kwanza nilipouona mchoro ule nilirudi kuutazama tena na tena, maana katika fani yetu michoro inayohusu umri huwa imetawanyika vibaya.

Saa hiyo ya yitriamu na magnesiamu ina mipaka. Sofia Feltzing na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba nyota zikiwa na metali chache sana, kama theluthi ya zile za Jua, uhusiano huo unapotea. Yitriamu hutengenezwa atomu za chuma zinapomeza nyutroni moja baada ya nyingine; katika nyota maskini wa chuma, nyutroni huwa nyingi kwa kila atomu ya chuma iliyopo, hivyo utengenezaji unavuka yitriamu na kuendelea hadi bariamu na risasi. Lithiamu nayo husaidia kwa pacha wa Jua, kwa kuwa huteketea taratibu kadiri nyota inavyozeeka. Nyota HIP 102152, pacha wa Jua mwenye miaka bilioni 8.2, ilionekana mwaka 2013 kuwa na lithiamu kidogo kuliko Jua, na 18 Scorpii, iliyo changa kuliko Jua, ina nyingi kuliko Jua. Ila nyota yenye uzito au joto tofauti kidogo huichoma lithiamu kwa kasi nyingine, kwa hiyo usiitumie kwa nyota yoyote tu.

Darasa lako linaweza kuuliza: umri wenyewe mnaupataje, kabla ya kuulinganisha na kemia? Ni swali la haki, na lina mtego. Kwa kawaida tunapima mng'ao na joto la nyota, kisha tunalinganisha na mahesabu ya jinsi nyota hubadilika. Jua, kwa mfano, linang'aa leo kuliko lilipozaliwa kwa asilimia 30 au zaidi. Lakini mahesabu hayo yanahitaji kwanza kujua metali za nyota. Ukikosea ukadhani nyota ina metali nyingi kuliko ilizo nazo, hesabu itakupa umri mdogo kuliko wa kweli. Kwa maneno mengine, makosa ya vipimo peke yake yanaweza kuchora mstari unaosema "chuma kingi, umri mdogo" hata kama uhusiano huo haupo. Ndiyo maana mimi sikubali mchoro wowote wa umri na chuma kabla sijaona mwandishi wake ameshughulikiaje mtego huu.

Mambo yamekuwa bora tangu chombo cha Gaia, kilichorushwa Desemba 2013, kitupatie umbali sahihi wa zaidi ya nyota bilioni moja. Bila umbali huwezi kujua mng'ao halisi. Mwaka 2022 Maosheng Xiang na Hans-Walter Rix walitumia Gaia pamoja na spektra za darubini ya LAMOST ya China kupata umri wa nyota 250,000 hivi zilizo katika hatua fupi ya kuanza kuvimba, hatua ambayo umri hupimika vizuri. Walipata vipindi viwili. Cha kwanza kilianza miaka kama bilioni 13 iliyopita na kuisha kama bilioni 8 iliyopita, na ndani yake chuma kilipanda kwa mpangilio mzuri kadiri muda ulivyokwenda. Hapo, mwalimu, kanuni yako inasimama imara. Kipindi cha pili, ambamo Jua limo, ndicho chenye mchanganyiko wa wahamiaji niliokueleza.

Kuna njia nyingine ya umri isiyotegemea sana metali: kusikiliza mtetemo wa nyota. Mawimbi ya sauti hupita katika kiini, na kasi yake hubadilika hidrojeni inapogeuka heliamu. Chombo cha Kepler kiliupima mtetemo huo kwa kuona mwanga wa nyota ukipanda na kushuka kidogo mno.

Njia hiyo ndiyo iliyonipa jibu la swali lako la mwisho. Sayari kubwa za gesi kama Mshtarii kweli hupatikana zaidi kwenye nyota zenye chuma kingi. Sayari ndogo za mawe hazina masharti makali hivyo. Mwaka 2015 Tiago Campante na wenzake walitangaza nyota Kepler-444, umbali wa miaka ya nuru 117 hivi. Umri wake uliopatikana kwa mtetemo ni bilioni 11.2, na kosa la bilioni moja. Inazungukwa na sayari tano, zote ndogo kuliko Dunia, zote zikimaliza mzunguko kwa chini ya siku 10, kwa hiyo ni za moto mno kwa maji. Chuma cha nyota hiyo ni kama robo ya kile cha Jua. Lakini kwa kuwa ilizaliwa mapema, ina magnesiamu na silikoni nyingi ikilinganishwa na chuma chake, na hizo pamoja na oksijeni ndizo zinazounda mawe.